Miaka Inayofuata Baada ya Mionzi

Kila mchango wa matibabu una kikundi chake cha WhatsApp, na kila kikundi hufikia siku ambayo mtu huandika: "Mgonjwa wetu anaendeleaje? Amepona?" Kwa wagonjwa wengi jibu huwa fupi. Aliyevunjika mguu sasa anatembea, aliyekuwa na uvimbe umetolewa. Kwa mdogo wangu, aliyepigwa mionzi India kwa sababu ya fundo la mishipa ya damu ndani ya ubongo, jibu la kweli lilikuwa kwamba tutajua baada ya miaka mitatu. Miaka mitatu ilipotimia, jibu likaongezewa kipande: tutaendelea kuangalia. Leo imepita zaidi ya miaka kumi na bado tunaangalia.

Naandika kwa sababu familia nyingi hapa Nairobi huingia kwenye tiba hii zikiwa na maelezo ya siku moja tu, siku ya mashine. Zinajua bei, tarehe, tikiti, na mahali msindikizaji atalala. Hakuna anayeziketisha na kuzieleza mwaka wa pili huwaje, wala wa tano, wala wa kumi na tano. Ilhali tiba yenyewe hufanya kazi yake katika miaka hiyo. Siku ya mashine ni mwanzo tu.

Ugonjwa wenyewe madaktari huutaja kwa herufi tatu, AVM. Kwa kawaida damu hutoka kwenye moyo kwa nguvu kupitia ateri, hupenya kwenye kapilari nyembamba kuliko unywele, humo hupungua kasi na kuulisha ubongo, kisha hurudi taratibu kupitia vena. Kwa mwenye AVM kuna mahali ambapo kapilari hazipo. Ateri zimeshikana na vena moja kwa moja, zimesokotana zikawa fundo. Ni sawa na kuunganisha bomba kuu la maji la barabarani na mpira wa kumwagilia sukuma wiki: mpira unaweza kuvumilia miaka, na unaweza kupasuka asubuhi moja bila onyo. Inaaminika kwamba wengi huzaliwa na kasoro hii au huwa nayo tangu utotoni. Inakadiriwa kuwa watu wazima 10 hadi 18 hivi katika kila 100,000 wanayo, na wengine huzeeka nayo bila kujua.

Mdogo wangu alikuwa akiuza vipuri vya magari Kirinyaga Road. Kwanza aliumwa kichwa, akawa ananunua dawa za maumivu dukani kama sisi sote. Kisha akaanguka na kutetemeka mwili mzima mbele ya wateja. Kwa miezi kadhaa aliitwa mtu wa kifafa na akapewa dawa za kifafa, ambazo kwa kweli alizihitaji. Hakuna aliyeuliza kifafa kimetoka wapi kwa kijana ambaye hajawahi kuanguka maishani mwake. Picha ya ubongo ilipigwa siku mshipa ulipovuja, alipoamka na kichwa kinachopasuka, akitapika, mkono wa kushoto ukiwa mzito. Damu ilionekana kwenye CT, na picha ya MRI iliyofuata ikaonyesha fundo lenyewe: dogo, chini ya sentimita tatu, lakini limejificha ndani kabisa, kwenye thalamasi, mahali ambapo njia za hisia na mwendo hupita zikiwa zimebanana.

Hapo ndipo tulipofundishwa kuhesabu kwa miaka. Mwaka 1990 madaktari walichapisha matokeo ya wagonjwa 166 wa Finland waliokuwa na dalili za AVM lakini hawakufanyiwa upasuaji, wakafuatiliwa kwa wastani wa karibu miaka 24. Kila mwaka, takriban 4 kati ya 100 walivuja damu. Tafiti za baadaye zimeshusha kidogo makadirio hayo na kuyatenganisha: ambaye hajawahi kuvuja yuko karibu na 1 kati ya 100 kwa mwaka, na aliyewahi kuvuja yuko juu zaidi, hasa mwaka wa kwanza baada ya tukio. Asilimia moja au tatu au nne husikika kama namba ndogo. Lakini mgonjwa wetu alikuwa kijana. Chukua asilimia 3 kila mwaka, irudie mwaka baada ya mwaka kwa miaka 40 ambayo kijana anatarajia kuishi, na uwezekano wa kuvuja angalau mara moja unakaribia 70 kati ya 100. Mama aliposikia hesabu hiyo alimwuliza daktari swali moja: "Mwanangu, kuvuja mara ya pili kunaua?" Daktari akamjibu kwa heshima kwamba kunaweza kuua, na kwamba anayepona mara nyingi hubaki na ulemavu.

Njia za kutibu ni tatu, na mara nyingine huchanganywa. Ya kwanza ni kufungua fuvu na kulitoa fundo. Ya pili ni kupitisha mpira mwembamba kutoka kwenye mshipa wa paja au wa mkono hadi ubongoni na kulijaza fundo gundi maalumu. Ya tatu ni mionzi. Tangu 1986 madaktari wa upasuaji hutumia mizani ya Spetzler na Martin, inayotazama ukubwa wa fundo, kama limekaa kwenye sehemu nyeti ya ubongo, na kama damu yake hutokea kwenye vena za ndani. Fundo dogo lililo juu juu ni zuri kwa kisu, kwa sababu kisu humaliza kazi siku hiyohiyo. La mdogo wangu lilikuwa dogo lakini ndani, kwenye sehemu nyeti. Daktari bingwa wetu, mtu asiyependa maneno mengi, alisema: "Nikilifuata kwa kisu nitalitoa, lakini sijui nitamrudishia mama mtoto wa namna gani." Nimemheshimu tangu siku ile kwa kusema hivyo.

Ikabaki mionzi. Wazo la kupasua bila kupasua lina umri mkubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Lars Leksell, daktari wa upasuaji wa ubongo wa Stockholm, alilieleza mwaka 1951: miale mingi myembamba, kila mmoja dhaifu peke yake, ielekezwe kutoka pande nyingi hadi ikutane kwenye nukta moja. Njiani kila mwale huacha madhara madogo, na pale inapokutana yote kipimo huwa kikubwa. Mashine yake ya kwanza ya Gamma Knife, iliyotumia vyanzo vya kobalti, ilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1970 Ladislau Steiner na wenzake wakaitumia Stockholm kutibu AVM kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo tiba hii ina zaidi ya nusu karne. Hilo lilinifariji sana. Maana yake wapo watu waliotibiwa zamani, wakafuatiliwa, na tunaweza kusoma yaliyowapata.

Siku yenyewe nitaipita haraka. Walimfunga fremu ya chuma kichwani kwa skrubu nne baada ya kumchoma ganzi, wakampiga MRI na angiogramu, yaani picha ya mishipa ya damu, akiwa nayo, wakapanga kwenye kompyuta, akalazwa kwenye mashine. Haikuuma wala haikupiga kelele za kutisha. Jioni alikula wali na dengu. Kesho yake alikuwa anauliza kama anaweza kwenda sokoni kumnunulia mama kitambaa cha sari. Kama ungemwona ungedhani hakuna lililotendeka, na kwa kweli ndani ya ubongo wake siku hiyo fundo lilikuwa vilevile, damu ikipita kwa kasi ileile.

Kilichotendeka ni kwamba mionzi ilijeruhi ngozi ya ndani ya ile mishipa. Mwili hujibu jeraha hilo kwa kujenga. Seli za misuli ya ukuta wa mshipa huongezeka, ukuta hunenepa kutoka ndani, tundu huwa jembamba mwezi baada ya mwezi, hadi damu inaganda humo na mshipa unaziba kabisa. Hakuna kinachochomwa wala kukatwa. Mgonjwa ndiye anayelifunga fundo kwa uponyaji wa mwili wake mwenyewe, na uponyaji huo huchukua miaka miwili hadi mitatu kwa wengi, na mingine zaidi.

Katika muda huo wote mtu hajalindwa kikamilifu. Hili ndilo jambo ambalo laiti ningeweza kuliandika kwenye kila bango la mchango. Watu waliotuchangia kwa moyo safi waliamini tulirudi na mtu aliyetibiwa, na sisi tulikuwa tumerudi na mtu aliyeanza kutibiwa. Mwaka 2005 madaktari wa Tokyo walichapisha matokeo ya wagonjwa 500 waliopigwa mionzi. Ukilinganisha na kabla ya tiba, hatari ya kuvuja ilipungua kwa asilimia 54 katika kipindi cha kungoja, na kwa asilimia 88 baada ya fundo kuziba. Soma namba ya kwanza taratibu. Hatari ilishuka hata kabla mishipa haijaziba, jambo jema. Lakini nusu ilibaki. Wapo watafiti wengine walioona kwamba katika kipindi hicho hatari hubaki karibu ileile ya zamani. Familia inayongoja inapaswa kuishi kana kwamba hao wa pili ndio wenye kweli: dalili za hatari zijulikane na kila mtu nyumbani, na njia ya kufika hospitalini usiku iwe imepangwa.

Sisi tulipanga. Jirani mwenye gari la Probox alijua kwamba akigongewa mlango saa nane za usiku asiulize maswali. Lakini pia tulimbana mno. Mama hakutaka abebe mtungi wa gesi, ainame kufunga viatu, acheze mpira na wenzake Jumapili. Shangazi alimkataza kukasirika, kana kwamba hasira ina swichi. Daktari alituita sote akatuambia tumwache aishi: dawa za kifafa asiruke hata siku moja, shinikizo la damu lipimwe, sigara hapana, na mengine afanye kama kijana yeyote. Nadhani miezi ile ya kufungiwa ilimuumiza kuliko skrubu za fremu. Aliacha kwenda dukani, akawa anakaa sebuleni Donholm akitazama simu, na nilipomwuliza anawaza nini akasema anangoja.

Karibu mwaka mmoja baada ya mionzi mkono wa kushoto ukaanza tena kuwa mzito. Sote tulijua ni damu. Haikuwa. MRI ilionyesha eneo pana jeupe kuzunguka fundo, uvimbe wa tishu za ubongo zilizoitikia mionzi. Hii hutokea zaidi kati ya mwezi wa sita na wa kumi na nane hivi. Ukipiga picha wagonjwa wote, karibu theluthi moja huonyesha mabadiliko hayo, wengi wao bila kuhisi lolote. Walio wachache huhisi: udhaifu, kichwa kuuma, degedege kurudi. Na walio wachache zaidi hubaki na athari ya kudumu. Mdogo wangu alipewa vidonge vya steroidi, akanenepa mashavu, akakosa usingizi, akawa na njaa ya ajabu, na baada ya miezi kadhaa mkono ukarudi, ingawa vidole viwili vya mwisho bado huchelewa akifunga vifungo vya shati. Yapo maelezo ya kitabibu ambayo husema uvimbe wa namna hii huambatana mara nyingi na mishipa inayoziba vizuri. Sikuyapenda sana wakati ule. Sasa nayaelewa.

Miaka mitatu ilipofika tukajifunza jambo jingine la gharama. MRI ilionyesha fundo halionekani tena. Tulishangilia, na daktari akatutuliza: MRI inaweza kukosa mkondo mdogo uliobaki, na mkondo mdogo bado unaweza kuvuja. Ushahidi unaokubalika ni angiogramu, ile ya kupitisha mpira na kumwaga dawa ya rangi kwenye ateri. Wapo ndugu waliosema fedha imetosha, picha imeshasema. Mimi nilisimama upande wa daktari na ningesimama tena. Angiogramu ikafanywa, hapa hapa Nairobi. Mshipa wa vena uliokuwa ukionekana mapema, ishara kwamba damu inakimbia njia ya mkato, haukuonekana tena. Limeziba.

Si kila mtu hupata habari hiyo, na hapa ni lazima niseme namba bila kuzipaka sukari. Mwaka 2017 vituo vinane viliunganisha rekodi zao za wagonjwa 2,236 waliotibiwa kwa Gamma Knife. Mafundo yaliyoziba yalikuwa asilimia 64.7. Waliovuja damu baada ya tiba walikuwa 1.1 kati ya 100 kwa mwaka. Waliopata dalili kutokana na mabadiliko ya mionzi walikuwa asilimia 9.7, na waliobaki na athari za kudumu za mabadiliko hayo asilimia 2.7. Ukijumlisha mambo matatu pamoja, yaani fundo kuziba, kutovuja baada ya tiba na kutobaki na athari ya mionzi, waliofaulu yote walikuwa asilimia 60.3.

Sita kati ya kumi. Inategemea unatoka wapi kuitazama. Mtu aliyeahidiwa uponyaji ataiona ndogo. Mtu aliyepiga ile hesabu ya miaka 40 ataiona kubwa. Tena ni wastani, na wastani huchanganya watu wasiofanana. Fundo dogo linaloweza kupewa kipimo cha mionzi cha grei 20 au zaidi pembeni mwake huziba mara nyingi zaidi, nane kati ya kumi au hata kupita. Fundo kubwa haliwezi kupewa kipimo hicho bila kuharibu ubongo unaolizunguka, kwa hiyo hupewa kidogo, na kidogo huziba kwa shida. Ndiyo maana makubwa sana wakati mwingine hugawanywa na kupigwa kwa awamu, miezi kadhaa ikipita katikati. Na ambaye halikuziba baada ya miaka mitatu au minne anaweza kupigwa tena. Hiyo ni sehemu ya njia, na familia isilie kana kwamba mlango umefungwa.

Lazima niseme pia juu ya wale ambao mshipa haujawahi kuvuja, kwa sababu wananiuliza. Mwaka 2014 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uitwao ARUBA, uliotoa matokeo ya wagonjwa 223 ambao hawajavuja, waliogawanywa kwa bahati nasibu: nusu watibiwe dalili tu kwa dawa, nusu watibiwe fundo lenyewe kwa njia yoyote. Ulisimamishwa kabla ya wakati, kwa sababu waliotibiwa fundo ndio waliopata kiharusi au kufa zaidi, asilimia 30.7 dhidi ya 10.1. Matokeo ya mwisho yaliyotolewa 2020 hayakugeuza mwelekeo huo. Wapinzani wake wana hoja ninayoiona ya haki: ripoti ya kwanza ilifuatilia watu kwa wastani wa miezi 33, muda ambao fundo lililopigwa mionzi ndiyo kwanza linaanza kuziba, kwa hiyo gharama za tiba zilihesabiwa zote na faida ikawa bado haijafika. Hata hivyo siwezi kuufuta. Ukiniambia ndugu yako wa miaka 60 ameonekana na AVM kwa bahati, picha ikipigwa kwa sababu ya ajali ya boda, na hajawahi kuvuja, sitakuambia ukimbilie mchango. Nitakuambia utafute maoni ya pili, na kungoja kwa uangalifu ni tiba inayoheshimika. Kijana ambaye tayari amevuja ni habari nyingine, ARUBA haikumhusu.

Sasa nifike kwenye sehemu iliyonifanya niketi kuandika.

Baada ya fundo kuziba tuliambiwa tuwe tunapiga MRI mara moja moja. Ndugu wengi hapo huacha. Mtu yuko sawa, anafanya kazi, ameoa, ada za shule zinaanza. Mdogo wangu naye alitaka kuacha. Mke wake ndiye aliyekataa, na katika picha moja, takriban mwaka wa tisa, kikaonekana kifuko cha maji pale pale fundo lilipokuwa, na doa gumu pembeni. Hospitali tuliyokwenda, ambayo siyo tuliyoanza nayo, haikuwa na faili yake. Ripoti ikaandikwa kwamba huenda ni mabuu ya tegu ubongoni, au uvimbe mpya, na sampuli ichukuliwe.

Ripoti hiyo ilikuwa na mantiki. Katika nchi yetu, mtu mwenye historia ya degedege na kifuko kidogo chenye doa gumu ubongoni, tegu ni wazo la kwanza na mara nyingi ndilo sahihi. Aliyesoma picha hakuwa na picha za nyuma za kulinganisha, na kwenye fomu ya kuomba kipimo palikuwa pameandikwa neno moja tu: degedege. Lakini sampuli ingemaanisha kutoboa fuvu na kupitisha sindano hadi kwenye thalamasi, mahali palepale tulipokimbia kisu miaka tisa nyuma.

Shemeji yangu alifungua kabati akatoa bahasha kubwa ya kaki. Ndani yake kulikuwa na CD za kila picha, karatasi ya mpango wa mionzi yenye kipimo na mchoro wa mahali miale ilipokutana, ripoti ya angiogramu. Tukampelekea yule daktari bingwa wetu asiyependa maneno mengi. Aliweka picha mbili kando kwa kando, akatazama, akasema, "Hii ni athari ya mionzi iliyochelewa kujitokeza. Tutaingoja, haitatobolewa." Inajulikana. Vifuko vya maji, na damu iliyoganda ikajijengea ganda, hutokea kwa wagonjwa wachache sana, lakini hutokea miaka mitano, kumi, hata ishirini baada ya tiba, wakati kila mtu ameshasahau. Vingi hukaa kimya na kutazamwa tu. Vinavyokua na kubana ubongo hufunguliwa. Saratani inayosababishwa na mionzi hii imeripotiwa pia, lakini ni nadra mno, na hata mshipa ulioonekana kuziba unaweza kuvuja, chini ya mara moja kwa kila wagonjwa 100 kwa mwaka. Kifuko cha mdogo wangu hakijakua.

Kwa hiyo tiba ya siku moja hufuatwa na miaka mingi ya ufuatiliaji, na sehemu kubwa ya ufuatiliaji huo hapa kwetu imebebwa na bahasha ya kaki kabatini kwa mtu. Hilo linaniumiza. Namba zote nilizotaja hapo juu zipo kwa sababu Finland, Tokyo na hivyo vituo vinane vilikuwa na daftari la kila mgonjwa na mtu wa kumpigia simu asipofika. Mgonjwa wa Nairobi aliyetibiwa Delhi au Cairo haonekani vizuri kwenye daftari lolote. Kule alikotibiwa wanamhesabu kama aliyepotea. Hapa nyumbani anahesabiwa kama mwenye degedege.

Mambo yanabadilika, na nafurahi kusema hivyo. Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, pale Kahawa, ina mashine ya CyberKnife, inayopiga mionzi kwa mkono wa roboti na kumshika mgonjwa kwa barakoa badala ya skrubu. Hutumika zaidi kwa uvimbe, lakini mashine za aina hiyo duniani hutibu AVM pia. Mtu wa Githurai kupanda matatu hadi kwenye mashine kama hiyo ni jambo ambalo mama asingeliamini wakati tunauza kiwanja cha Kitengela kwa ajili ya nauli na tiba. Ninachoomba kwa wanaosimamia huduma za ubongo nchini, na ninaomba kwa moyo wangu wote, ni kwamba pamoja na mashine liwepo daftari: jina, ukubwa wa fundo, kipimo alichopewa, tarehe ya picha inayofuata, na mtu mwenye kazi ya kupiga simu. Mashine kama hizi hununuliwa kwa fedha nyingi sana. Daftari linahitaji mshahara wa mtu mmoja makini na uamuzi wa kumlipa kwa miaka ishirini.

Mama mmoja wa Rongai aliniandikia wiki iliyopita. Binti yake ana miaka 11, amepigwa mionzi mwaka jana, na anataka kujua atajuaje kwamba mtoto amepona. Nimemjibu kwa simu lakini naweka jibu hapa pia, kwa maana najua hayuko peke yake. Mama, mtoto ni tofauti kidogo na mdogo wangu. Mishipa ya watoto bado inakua, na kumeripotiwa watoto ambao fundo lao lilionekana kuziba kabisa kwenye angiogramu, kisha likatokea tena miaka baadaye. Kwa hiyo ukiambiwa limeziba akiwa na miaka 14, shangilia, umfanyie sherehe, kisha umwulize daktari lini mtaangalia tena, na omba mpango wa kuangalia tena akifika utu uzima. Wakati huu wa kungoja, mwache aende shule na acheze. Mwalimu wake wa darasa ajue afanye nini akianguka: amlaze ubavu, asimtie kitu mdomoni, na akilalamika kichwa cha ghafla kisicho cha kawaida akupigie wewe na ambulensi kwa wakati mmoja. Na kabla hujatoka kwenye hospitali yoyote, omba CD ya picha na karatasi ya mpango wa mionzi, ile inayoonyesha kipimo kwa grei na mahali kilipoelekezwa. Zipige picha kwa simu, mtumie dada yako nakala. Kwenye kila fomu ya kipimo itakayoandikwa kwa jina la binti yako, hakikisha pameandikwa kwamba aliwahi kupigwa mionzi ya ubongo kwa AVM, na mwaka.